MSTARI JUU YA NENO: KUFUTA ILI WATU WASOME

Mwezi huu sitaongea juu ya malaria wala juu ya kuandikisha watoto shule, wenzangu wameshayaandika kwenye kurasa za mbele. Mimi nimepewa ukurasa wa lugha, nami nataka tuongee juu ya mstari. Si mstari wa maji wala mstari wa mgao, hiyo tunaijua sana. Naongea juu ya ule mstari ambao mtu anaupiga juu ya neno alilokosea, halafu anaandika lingine mbele yake.

Wengi wanadhani mstari ule una kazi moja tu, ya kufuta. Lakini hebu soma barua hii, nimeitunga mwenyewe iwe mfano. Mashine inayochapa kijarida chetu haiwezi kupiga mstari juu ya neno, kwa hiyo tumekubaliana na mhariri kwamba kila neno lililofutwa litawekwa kati ya mikwaju miwili, /hivi/. (Ndiyo, alama hiyo inaitwa mkwaju, kama ile fimbo. Neno likichapwa mikwaju ujue limefutwa.)

"Mpendwa shemeji, tumefurahi kusikia kwamba unakuja kututembelea /tena/ siku ya Jumamosi pamoja na watoto /wote sita/. Chakula /hakitoshi/ kipo. Mahali pa kulala /hakuna/ tutabanana. Ukae nasi /siku moja/ muda wowote unaotaka."

Mpe jirani yako asome. Asipocheka, mwulize kama naye ana shemeji.

Sasa kwa nini inachekesha? Ukiyatoa yale maneno yaliyofutwa, inabaki barua nzuri ya heshima, kila mtu ameshawahi kuandika kama hiyo, na hakuna anayecheka. Ukiyaacha yale yaliyofutwa peke yake, inakuwa barua ya mtu mchoyo, na shemeji atakasirika. Kicheko kinatoka pale yanapokaa pamoja. Barua ina watu wawili ndani yake. Mmoja ni moyo, haujui adabu, unasema kila kitu. Wa pili ni mdomo, umelelewa vizuri na wazazi. Moyo umetangulia kusema, mdomo unakuja mbio nyuma yake na fagio.

Kwa maongezi ya kawaida tunafanya hivyo kila siku. Mtu anasema, "Huyu mjing… mjomba wangu amefika," na waliokaa barazani wote wanaangalia chini wasicheke. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwandishi anayefuta kwa makusudi anajifanya amejikwaa ulimi, kumbe lile jiwe aliliona tangu mbali akaliendea.

Mchezo huu haukuanzia kwetu, na tena una historia ya kufurahisha. Zamani za mashine za taipu, karani akikosea alirudisha mashine nyuma akapiga x x x juu ya neno. Mara nyingi neno la chini lilisomeka bado. Huko Dallas, Marekani, katika miaka ya 1950 palikuwa na mama mmoja, Bette Nesmith Graham, karani wa benki, ambaye alikuwa anamlea mwanawe peke yake. Mashine mpya za umeme zilikuwa na utepe ambao wino wake ukifutwa kwa raba unapaka karatasi yote. Mama huyu aliwaangalia wachoraji, akaona kwamba mchoraji akikosea hafuti, anapaka rangi juu. Akachanganya rangi nyeupe nyumbani, akaitia kwenye chupa ndogo, akaenda nayo kazini. Mwaka 1956 alianza kuwauzia makarani wenzake. Dawa hiyo baadaye iliitwa Liquid Paper, na mwaka 1979 aliiuza kampuni yake kwa Gillette kwa dola milioni 47.5. Akina mama wa vikundi vya sabuni na vikapu, mmesikia?

Lakini kwa mchezo wetu ile dawa nyeupe haifai kitu, kwa sababu inaficha. Neno likifichwa kabisa, kicheko kimekufa. Ajabu ni kwamba hata wauza dawa yenyewe walilielewa hilo. Mwaka 2010 kampuni ya Tipp-Ex ilitoa tangazo la video kwenye intaneti. Mwindaji anakutana na dubu, hataki kumpiga risasi, basi anatoa mkono nje ya picha, anachukua kifutio kilichokuwa pembeni ya video, na kulifuta lile neno la kupiga risasi kwenye kichwa cha video. Halafu anamwambia mtazamaji aandike kitendo kingine anachotaka yeye. Mtu akiandika "kucheza", mwindaji na dubu wanacheza. Watu walicheka kwa sababu ule ufutaji ulifanyika mbele ya macho yao.

Watu wa kompyuta nao walikuwa na yao, hata kabla ya simu hizi za kugusa. Kwenye mitambo ya zamani, amri ya kurudi nyuma herufi moja ilikuwa Kontroli na H, kwa kuwa alama hiyo ni namba 8 katika orodha ya ASCII, na H ni herufi ya 8 katika alfabeti. Mitambo mingine ilikuwa haielewani vizuri: mtu akibonyeza kufuta, herufi haifutiki, badala yake zinatokea alama ^H zimejipanga. Basi mafundi wakaanza kuziandika kwa makusudi. Kwa mfano: "Bosi wetu ni mkali^H^H^H^H^Hmpole sana." Hesabu mwenyewe, mkali ina herufi tano na ^H ziko tano. Bosi asiyejua kompyuta hakuelewa kitu, mafundi wakavunjika mbavu. Siku hizi hatuhitaji mambo hayo. Tangu mwaka 2016 ukiwa kwenye WhatsApp unaweka alama ya kiwimbi ~ mwanzo wa neno na mwisho wake, neno linatokea limepigwa mstari. Mwenye kitochi atumie karatasi na biki, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayefaidi zaidi, kwa sababu mstari wa mkono unaonyesha hata hasira ya mtu.

Kuna kitabu ambacho baadhi yenu mnakifahamu, Shamba la Wanyama. George Orwell alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere akakitafsiri kwa Kiswahili. Mle wanyama wanamfukuza binadamu, wanaandika sheria zao ukutani kwa rangi nyeupe, kila mtu azione. Nguruwe wakishakuwa wakubwa wanaanza kuzirekebisha zile sheria usiku, neno moja moja. Iliyokataza kulala kitandani inaongezewa maneno juu ya shuka. Iliyokataza pombe inaongezewa maneno juu ya kuzidisha. Usiku mmoja kishindo kinasikika, wanyama wanatoka mbio, wanamkuta nguruwe msemaji wa serikali amelala chini, ngazi imevunjika vipande viwili, kando yake taa, brashi na kopo la rangi. Na bado hawaelewi! Ni punda mzee tu anayetikisa kichwa, na yeye hasemi. Nilipokisoma hapo nilicheka peke yangu mpaka mdogo wangu akaniuliza nina nini, kisha nikaacha kucheka. Wazee wetu wengi walitoka makwao kwa sababu ya watu wa namna ile, wenye ngazi na kopo la rangi. Nguruwe anafuta kwa siri ili watu wasahau lililokuwepo. Mchekeshaji anafuta waziwazi ili walione.

Sasa turudi hapa kambini, kwenye darasa langu la sita.

Watoto wetu wanaogopa sana kukosea kwenye daftari. Daftari la kurasa 48 linafika katikati ya muhula limebaki na kurasa 30, nyingine zimechanwa, kwa sababu mtoto akikosea neno moja anachana ukurasa mzima afiche. Na kule nyuma ya daftari kurasa za upande wa pili zinadondoka zenyewe. Wengine wanalowesha kidole mate wanasugua hadi karatasi inatoboka. Mimi niliwaambia: hapana kuchana, hapana mate. Piga mstari mmoja tu, mwembamba, nami nisome ulichokuwa unataka kusema.

Nia yangu ilikuwa kuokoa madaftari. Lakini nilipoanza kusahihisha niliona kwamba sehemu tamu ya insha mara nyingi iko chini ya ule mstari. Mtoto anaanza na ukweli, halafu anakumbuka kwamba ni insha ya mwalimu, anaufuta na kuweka sentensi ya kitabuni. Basi nikawapa kazi kabisa, wafute kwa makusudi. Kichwa cha habari kilikuwa "Familia yangu". Mmoja akaandika: "Baba yangu ni fundi baiskeli. Kila siku anarudi nyumbani /saa nne usiku/ mapema. Mama anampokea kwa /kelele/ furaha."

Kesho yake baba mwenyewe akaja shuleni na daftari mkononi. "Mwalimu, mtoto anachafua daftari namna hii, na wewe unampa vema?" Nikamwomba asome kwa sauti. Alisoma mpaka pale kwenye saa nne, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama daftari hilo huwa linaonyeshwa pia kwa mama.

Msichana mmoja aliandika barua kwa dada yake aliyehamishiwa Marekani: "Yaya, sisi tuko wazima. Hatuhitaji chochote /isipokuwa simu/ /ya kugusa/ /na chaja yake/. Salamu zako tu zinatosha." (Kwetu Kongo yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, si mfanyakazi wa kulea watoto. Majirani zetu Watanzania wasije wakafikiri tunawaajiri dada zetu.) Barua hiyo kweli ilitumwa kwa njia ya picha ya simu. Wasomaji mtapenda kujua: simu haijafika, chaja imefika.

Si zote zilichekesha. Mvulana aliyefika hapa na wazazi wake miaka michache tu iliyopita aliandika: "Tuko watoto watano. Kaka yetu mkubwa alibaki /njiani/ Kongo." Mstari wake ulikuwa umenyooka, kama amepiga kwa rula. Hapo sikuweka wino mwekundu. Nilikwenda kumsalimia mama yake jioni, tukaongea habari za kuni.

Wazazi wengine wananiuliza inafanywaje, kwa sababu watoto wanawarudia nyumbani na kuwafutia maneno mpaka kwenye orodha ya sokoni. Kwanza lazima lililofutwa lisomeke, ukikoroga kama kuku anayetafuta mchwa umeharibu. Halafu lililofutwa liwe kweli, na lililowekwa badala yake liwe lile la heshima ambalo kila mtu alikuwa analisubiri. "Chakula /kibaya/ kichungu" haina ladha, maneno yote mawili yanaelekea upande mmoja. Inawezekana pia kugeuza, ukaifuta ile heshima na kuuacha ukweli: "Jirani yetu anaimba /vizuri/ kwa sauti kubwa." Hiyo ni kali zaidi, itumie ukiwa na mbio.

Ninayoipenda mimi ni ya kurudi mwanzo. "Nilikula maandazi /mawili/ /matano/ mawili." Huyu alianza na uongo, ukweli ukamponyoka, akarudi kwenye uongo wake na kuukalia. Kila mtu ameshajua ni matano, hata yeye anajua kwamba tumejua. Maneno kumi hayajai, na mtu mzima umemwona wote.

Na usizidishe. Barua yenye mistari kila sentensi ni kama mboga yenye pilipili peke yake.

Kuna shida moja ambayo waandishi wa Ulaya labda hawakuifikiria, nayo ni kubwa kwetu: barua zetu nyingi zinasomwa kwa sauti. Koko hakusoma shule, simu iko kwa mjukuu, na nyumba nzima inasikiliza. Sasa neno lililofutwa linasomwaje? Wanafunzi wangu walijaribu namna nyingi. Wengine walisema "futa" kila mara, ikachosha. Mmoja alishusha sauti kama anayenong'ona, hiyo ilikuwa nzuri. Aliyewashinda wote alikohoa. Anafika kwenye neno lililofutwa, anakohoa, anasoma lile la heshima. Niliona kazi yake siku nilipopita kwao, anamsomea koko barua kutoka kwa mjomba. Kikohozi cha kwanza koko alinyamaza. Cha pili aliangalia pembeni. Cha tatu akasema, "Ee mutoto, wewe si mgonjwa. Soma ile amefuta!" Ikasomwa, na ndipo ikajulikana kwamba mjomba ameoa.

Lakini, ndugu zangu, kuna mahali mstari huu unauma, na ndiyo sababu kubwa nimeomba ukurasa mzima.

Katika mtaa mmoja hapa kambini palikuwa na harusi. Kamati ikaandika orodha ya michango na kuibandika kwenye mti karibu na bomba. Mwandishi wa orodha alikuwa kijana mcheshi, anajua mchezo huu. Kwenye jina la baba mmoja akaandika kwamba amechanga "/elfu kumi/ elfu mbili". Watu waliochota maji asubuhi ile walicheka sana. Ni kweli yule baba aliahidi elfu kumi mkutanoni, na ni kweli alileta elfu mbili. Kitu ambacho orodha haikusema ni kwamba katikati mtoto wake alilazwa. Siku ya harusi familia ile haikutokea. Kwa muda mrefu watoto wa nyumba hizo mbili wakawa wanapeana mgongo kwenye bomba moja, ndoo nyuma ya ndoo, hawasalimiani. Mpaka wazee wakaingia kati. Mzee mmoja aliagiza orodha iandikwe upya, jina na kiasi tu, na ile ya kwanza ichomwe. Ikachomwa, lakini bomba zima lilikuwa limeshaisoma, na neno lililosomwa haliungui.

Yule kijana alijitetea kwamba ameshalifuta, sasa kosa liko wapi? Ndiyo hapo. Mstari hauondoi neno, unaliwekea kivuli tu, na watu wanapenda kuchungulia kwenye kivuli. Mtu akiandika kwamba yeye mwenyewe amekula maandazi matano, anajicheka, nasi tunacheka naye. Akimpiga mstari mwenzake mbele ya watu, huyo mwenzake hana kalamu ya kujibu. Na anayeandika kabila la mtu au tusi la nchi yake halafu akalipiga mstari, ajue ametukana kamili. Darasani kwangu sheria ni moja: unaruhusiwa kujifuta wewe, mwalimu wako, na shemeji asiyekuwepo. Mtoto wa dawati la pembeni, hapana.

Tena kuna karatasi ambazo hazitaki mchezo kabisa, na watoto waelezwe mapema. Kwenye daftari la wagonjwa, la stoo au la pesa za kikundi, anayekosea anatakiwa apige mstari mmoja, lile la zamani libaki linasomeka, aandike sahihi pembeni, aweke saini na tarehe. Dawa nyeupe hairuhusiwi, kwa sababu anayekagua anataka kuona kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Ni mstari ule ule wa mchekeshaji, ila huku ni kwa ajili ya uaminifu. Kwenye cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa au karatasi ya kuandikisha familia, usipige hata huo mmoja kwa mkono wako. Ukiona jina au mwaka wa kuzaliwa umekosewa, ipeleke ofisini kama ilivyo waibadilishe wao. Herufi moja tu ikiwa tofauti, ndugu wawili wa tumbo moja wanaonekana kama watu wa nyumba mbili, na hapo hakuna anayecheka.

Mhariri amekubali kuacha nusu ukurasa toleo lijalo kwa barua zenu za kufuta. Ziwe fupi, sentensi sita hazizidi, za kuchekesha, na anayechekwa awe mwandishi mwenyewe. Ziwekwe kwenye kisanduku cha kijarida mlangoni pa maktaba kabla ya mwisho wa mwezi. Andikeni kwa biki, risasi inafutika kwa raba na sisi hatutaki raba. Majina hayatachapwa, kwa hiyo hata akina baba mnakaribishwa. Zawadi ya kwanza ni /redio/ /baiskeli/ daftari la kurasa 48, jipya, halijachanwa.

Nawasalimu wote.

Mwalimu wa kujitolea, darasa la sita /na la tano/ /na la nne mwalimu wao akiugua/